Hesabu zilizoiua Airbus A380, na kwa nini Dar tunaletewa 777

Mkaa Kipawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kulikuwa na mabishano humu kwamba Dar tunadharauliwa, eti Emirates wanapeleka A380, lile dege la ghorofa mbili, Johannesburg, Cairo, Casablanca mpaka Mauritius, halafu sisi tunabaki na Boeing 777 miaka nenda rudi. Mmoja akasema tatizo ni uwanja, mwingine akasema ni siasa, wa tatu akamtukana wa kwanza, uzi ukafungwa. Mimi ni mtu wa mizigo ya ndege, kazi yangu ni makaratasi na mizani, urubani siujui. Kwa hiyo nitaongea upande wa hela tu. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu.

Tuanze na la uwanja maana ndilo linalopoteza wengi. Njia ya kurukia pale JNIA, uwanja wetu wa Dar, ina mita 3,000 na tuko usawa wa bahari. Kwenda Dubai ni saa tano na nusu hivi. A380 matangi yake yanachukua lita kama 320,000, na kwa safari ya Dubai haihitaji hata nusu ya hizo, kwa hiyo itaondoka nyepesi na itaruka vizuri tu. Kinachokula hela ni mambo ya pembeni. Mabawa yana upana wa karibu mita 80, viungio (njia za ndege kutembea kwenda maegesho) na maegesho yenyewe lazima viendane nayo. Abiria 500 wanataka madaraja ya kupandia yanayofika mpaka ghorofa ya juu, la sivyo utapakia watu mpaka usiku uingie. Zimamoto nao lazima wawe wa daraja la 10, la juu kabisa. Yote hayo yanajengeka. Jengo la tatu lilipofunguliwa Agosti 2019 lilikuwa la kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, halina aibu yoyote. Mwenye ndege akiona hela Dar, uwanja utapanuliwa. Haioni.

Kwa nini haioni? Hapo ndipo penye utamu.

Watetezi wote wa madege makubwa wana wimbo mmoja: gharama kwa kiti. Gawanya gharama ya safari kwa viti 500, kila kiti kinatoka rahisi kuliko ukigawa kwa 350. Kwenye karatasi ni kweli. Niweke namba za kubuni ili tuelewane. Dege kubwa, viti 500, safari moja dola 150,000: kila kiti dola 300. Ndege ya kati, viti 350, safari moja dola 112,000: kila kiti dola 320. Dege kubwa limeshinda kwa dola 20, si ndiyo?

Sasa njoo Jumanne ya mwezi wa tatu, mvua za masika, wamejitokeza abiria 330. Ndege ya kati inaondoka karibu imejaa, kila kichwa kimegharimu dola 340. Dege kubwa linaondoka na viti 170 vitupu, kila kichwa dola 455. Kiti kilichoruka kitupu hakiuzwi kesho. Ile akiba ya dola 20 imeliwa, na deni juu.

Mtu atasema, basi subiri Desemba, watu watajaa. Sawa, Desemba wamekuja 500. Ndege ya kati imeacha 150 chini. Lakini jiulize hao 150 ni akina nani. Anayekata tiketi kubwa, yule wa daraja la biashara na yule mwenye mkutano kesho asubuhi, kiti chake amepata kwenye ndege yoyote. Wanaobaki chini mara nyingi ni wale wa bei ya kutupa, waliosubiri promosheni. Kwa hiyo viti vya mwisho vya dege kubwa unavijaza kwa nauli ya chini kabisa, na ukishaishusha, wale waliotaka kulipa zaidi nao wanaiona. Watu wa tiketi humu wanajua maumivu hayo.

Na hii ni biashara ambayo hata ikienda vizuri faida ni kiduchu. Makadirio ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ya miaka hii ya karibuni ni kama dola 7 kwa kila abiria, baada ya kutoa kila kitu. Kwa hela yetu haifiki elfu ishirini. Ukiwa na elfu ishirini kwa kichwa, huna nafasi ya kubeba viti vitupu.

Halafu kuna muda. Abiria wa hela ananunua saa ya kuondoka. Ni kama pale stendi ya Mbezi: mtu wa Morogoro anapanda gari linalotoka sasa hivi, halafu ndiyo anauliza lina viti vingapi. Kampuni yenye ndege mbili za kati kwa siku, asubuhi na usiku, inamchukua mtu wa Guangzhou, wa London na wa Mumbai, wote wakifika kitovuni, yaani uwanja mkuu wa kampuni wa kubadilishia ndege, wanaunganisha bila kulala kwenye mabenchi. Kampuni yenye dege moja kubwa kwa siku inamchukua yule ambaye saa hiyo inamfaa, basi.

Sasa tuje kwenye A380 yenyewe.

Airbus waliianzisha rasmi Desemba 2000. Imani yao ilikuwa kwamba dunia itasafiri kupitia viwanja vichache vikubwa, viwanja hivyo vitajaa, na dawa itakuwa ndege kubwa zaidi. Walitabiri soko la ndege zaidi ya 1,000 za ukubwa huo kwa miaka 20. Imani haikuwa ya kipuuzi. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na kikomo cha ndege kuruka na kutua mara 480,000 kwa mwaka. Mwaka 2016 Oman Air waliripotiwa kulipa dola milioni 75 kwa nafasi moja tu ya kutua na kuondoka pale. Ukishalipa hela hiyo kwa nafasi, lazima utake ndege inayobeba watu wengi kadiri iwezekanavyo.

Tatizo, wakati wao wanachora ghorofa mbili, upande wa pili sheria na injini zilikuwa zinabadilika. Zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kukatiza bahari kubwa, ilibidi ijikongoje karibu na viwanja vya dharura. Kuanzia 1985 ruhusa ikafika dakika 120 kutoka kiwanja cha karibu, baadaye 180, na zaidi. Hapo ndipo injini nne, kama za A380, zilipoanza kuwa mzigo. Mwaka 2004 ikaingia 777-300ER, injini mbili, inabeba karibu kama jumbo la zamani, Boeing 747. Boeing 787, ile Dreamliner, ikaja 2011, Airbus A350 ikaanza kazi Januari 2015. Hizi zinaruka moja kwa moja kati ya miji ambayo zamani ilibidi upite kitovuni. Abiria akipata ndege ya moja kwa moja, kitovu chako na ghorofa zako mbili havimhusu.

Na injini za A380 zilikosa bahati ya wakati. Ilianza kubeba abiria Oktoba 2007 na Singapore Airlines, Singapore kwenda Sydney. Miaka minne baadaye 787 ikaja na kizazi kipya cha injini kinachonywa mafuta kidogo zaidi. Airbus wakajikuta na ndege mpya yenye injini za jana. Emirates waliwaomba sana watoe A380 yenye injini mpya, Airbus wakapiga hesabu wakaona mteja wa maana ni mmoja tu, wakakataa.

Kuna hili la uzito watu hawalisemi. Bawa la A380 lilichorwa likisubiri toleo refu zaidi ambalo halikuja kamwe. Kwa hiyo toleo lililouzwa linabeba bawa la kaka yake ambaye hakuzaliwa. Bila abiria wala mafuta ina tani kama 277. 777-300ER ina kama 168. Chukua mpangilio wa viti wa Emirates, kama 517 kwa 354: kila kiti cha A380 kinabeba kilo kama 535 za bati, cha 777 kilo 475. Mafuta hivyohivyo, tani kama 11 na nusu kwa saa dhidi ya 7 na nusu hivi. Gawanya mwenyewe kwa viti. Ule wimbo wa gharama kwa kiti unaishia hapo. Kwa haki niseme, Emirates wameweka bafu na baa mule, wangeminya viti kama basi la shule hesabu ingependeza zaidi. Ndege imeruhusiwa kubeba mpaka watu 853. Lakini hakuna aliyethubutu kuijaza hivyo, maana watu 853 wa kwenda sehemu moja kwa saa moja kila siku utawatoa wapi?

Mengine mnayajua. Waya za ndani, mamia ya kilomita, zilichorwa Hamburg na Toulouse kwa matoleo tofauti ya programu, zikaja kuunganishwa zikawa fupi, mradi ukachelewa kama miaka miwili. Mwaka 2006 Airbus wenyewe walikuwa wanasema wanahitaji kuuza 420 ili gharama zirudi. Februari 14, 2019 wakatangaza kufunga, ya mwisho ikakabidhiwa Desemba 2021. Jumla 251. Kati ya hizo 123 ni za Emirates, karibu nusu. Ukiona bidhaa ambayo nusu yake imenunuliwa na mtu mmoja, jua wengine wote walichungulia dukani wakaondoka.

Kwa nini Emirates wao A380 iliwapa faida? Kwa sababu hawana safari za ndani, wana mji mmoja, na mji huo umekaa katikati ya Ulaya, Asia, Afrika na Australia. Kila mtu anashushwa Dubai na kupandishwa tena. Heathrow peke yake wamekuwa wakipeleka A380 sita kwa siku. Mwaka 2013 walifungua jengo zima lililotengenezwa kwa ajili yake. Na wakiwa nazo zaidi ya 100, gharama ya kumfundisha rubani, ya vipuri na ya karakana inagawanyika. Aliyekuwa nazo tano au sita alilipa gharama zilezile bila mgawanyo.

Sasa Dar. Angalia ramani ya safari zetu. Mtalii wa Serengeti anashukia KIA, kule Kilimanjaro. Wa fukwe anashukia Zanzibar moja kwa moja. Mfanyabiashara na mwanadiaspora anashukia JNIA. Qatar, Turkish, Ethiopian, KLM, wote wanagusa zaidi ya kiwanja kimoja kati ya hivyo. Flydubai, ndugu wa Emirates, wanaingia Zanzibar na 737. Nchi yetu ina milango mitatu, na abiria wamegawanyika milangoni. Mauritius ina watu wasiofika hata milioni moja na nusu, lakini mlango wake ni mmoja, na wanaoingia wengi ni watalii wa Ulaya waliokwisha kulipia hoteli miezi sita kabla. Hao unaweza kuwapanga ghorofa mbili. Sisi ukitaka kujaza A380 Dar, itabidi umwambie mtalii wa Nungwi, Zanzibar, ashukie JNIA kisha apande boti. Atakuelewa?

Na la mwisho, ambalo ndilo langu: mzigo. Chini ya sakafu, 777-300ER inachukua makontena madogo 44. A380, pamoja na ukubwa wote ule, inachukua 38. Rudia kusoma. Watu wanakaa ghorofa mbili, mabegi yao yote yanashuka chumba kimoja. Tuseme kila abiria wa Dar ana mabegi mawili, na mnatujua, na kontena linameza mabegi 40. Abiria 500 wamekula makontena 25, yamebaki 13. Kwenye 777 abiria 350 wamekula 18, yamebaki 26. Mara mbili! Hayo 26 ndiyo yanayopanda kaa hai, minofu ya samaki, mabondo (vibofu vya samaki) na parachichi, na yanalipiwa kwa kilo bila kuomba chakula wala filamu. Kuna usiku abiria ni wachache lakini ndege inaondoka na faida kwa sababu ya tumbo. Ukileta A380 umekata tumbo hilo nusu.

Kwa hiyo 777 ndiyo ndege ya saizi yetu na wanaotuletea wamepima. Naomba kuwasilisha.

Chiku wa Tabata

Nilivuta kiti tangu saa mbili, shukrani mkuu. Swali moja. Kama hesabu ni mbaya hivyo, mbona zimerudi baada ya Korona? Lufthansa si walisema basi, na sasa wanaruka nazo?

Mkaa Kipawa

Swali zuri dada Chiku. Air France walizistaafisha moja kwa moja Mei 2020. Lufthansa nao walizipaki, wakazirudisha 2023, Etihad hivyohivyo. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, abiria walirudi kwa kasi wakati viwanda havina ndege za kutoa. Boeing 777X, iliyotakiwa kuwa mrithi, iliruka mara ya kwanza Januari 2020 na imeahirishwa mwaka hadi mwaka. Ya pili, hela ya kununulia ilishaliwa. Bei ya kitabuni ilikuwa zaidi ya dola milioni 440 kwa moja. Ukiwa unadaiwa hela hiyo, hesabu ni moja. Ikiwa vitabuni imeshashuka thamani, umebaki na mafuta, marubani na matengenezo, hesabu ni nyingine. Ndege mbaya kununua inaweza kuwa ndege nzuri kumalizia, hasa nauli zikiwa juu. ANA wa Japan wanazo tatu tu, zimechorwa kasa, zinapeleka watu Honolulu. Njia moja, watalii watupu.

Tingatinga la Ubungo

Hapohapo! Kama thamani imeshuka, kwa nini ATCL, shirika letu la ndege, wasichukue mbili za mtumba? Bei ya kutupa, tunaweka Dar–Guangzhou, Kariakoo yote inapanda, mchezo umekwisha. Tunaogopa ogopa nini?

Fundi Hanga

Mkuu Tingatinga, acha nikujibu mimi maana nashika spana. Bei ya kununua mtumba ni kama mahari, gharama zinaanza ukishamleta nyumbani. Injini nne, kila moja ina ratiba yake ya kushuka na kwenda kufunguliwa, na kila moja ikifunguliwa ni mamilioni ya dola. Matairi 22. Ukaguzi mkubwa wa mwili huwezi kuufanyia hapa, hanga la kuiingiza hatuna, utaipeleka nje ikae wiki na wiki bila kuingiza senti. Na mabawa yana historia, mwaka 2012 zilikutwa nyufa kwenye vishikizo vya ndani ya bawa, ikabidi zote zikaguliwe.

Ushahidi wa bei ya kutupa ni huu. Zile za kwanza za Singapore Airlines zilirudishwa kwa wenyewe kuanzia 2017, miaka kumi tu. Wenyewe, mfuko wa Ujerumani, walizunguka kutafuta wa kuzikodi. Moja ikapata mpangaji, Hi Fly wa Ureno, hakudumu nayo. Mbili zikapelekwa Tarbes, Ufaransa, zikachinjwa. Injini, matairi, miguu ya kutulia, kila kipande kikauzwa kivyake. Ndege ya miaka kumi bado ni kijana, mkuu. Ikionekana nyama yake ina thamani kuliko uzima wake, ujue hakuna mnunuzi.

Mkaa Kipawa

Fundi amemaliza. Niongeze upande wa ATCL. Dreamliner yetu ya kwanza ilikuja Julai 2018, viti 262, na kuijaza hiyo ni kazi tosha. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ilionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56 mwaka 2022/23, na mwaka uliofuata zaidi ya bilioni 91. Sehemu ya maumivu ni ndege kusimama: A220 zilipaki kwa matatizo ya injini ambayo yamezisumbua kampuni nyingi duniani. Ndege ikisimama, ukodishaji unaendelea kulipwa, marubani wanaendelea kulipwa. Sasa fikiria kampuni yenye A380 mbili, moja imesimama. Nusu ya kikosi iko chini na abiria 500 wako Guangzhou wanataka hoteli. Utawatafutia ndege gani mbadala usiku huo?

Tingatinga la Ubungo

Aisee. Nimeelewa la hoteli. Ila bado nasema nchi ikitaka inaweza.

Babu wa Magomeni

Vijana, mnaongea kama jambo hili ni geni. Mnakumbuka Alliance? Miaka ya tisini, Air Tanzania, Uganda Airlines na South African Airways waliungana wakaanzisha kampuni ya pamoja, wakachukua Boeing 747SP ya Waafrika Kusini, wakaiweka njia ya London kupitia Entebbe. Jumbo, ingawa lile fupi. Tulitembea kifua mbele. Ilipofika Oktoba 2000 ikasimama, hasara ikitajwa kufika kama dola milioni 50.

Ile SP ilitengenezwa iruke mbali sana, kwa hiyo walipunguza viti wakabakiza injini nne. Sisi tukaitumia kuokota abiria mji kwa mji. Kila kutua ni ada, kila kuruka ni mafuta. Na mbele yake kulikuwa na British Airways wanaotoka London moja kwa moja, wana wateja wao. Hata wao Waingereza, na ukubwa wao wote, Dar waliiacha mwaka 2013.

Mkaa Kipawa

Shikamoo babu. Alliance ilistahili uzi wake. Na umegusa jambo ambalo sikulisema: ndege ya masafa marefu ukiishusha kila baada ya saa moja na nusu unailipia uwezo ambao huutumii. Babu, wakati wa East African Airways na zile Super VC10, hali ilikuwaje? Nazo zilikuwa injini nne.

Babu wa Magomeni

Marahaba. VC10 zilikuwa tano, za nchi tatu, na mafuta yalikuwa rahisi mpaka 1973. Ilipofika 1977 jumuiya ikavunjika, kila mtu akaondoka na chake, ndiyo ATC, Air Tanzania ya mwanzo, ikazaliwa Machi mwaka huohuo. Hapo katikati kuna maneno mengi, si ya leo.

Mama Vitenge Kkoo

Mimi sijui injini ngapi. Naenda Guangzhou na Dubai kila msimu. Nimepanda hilo dege Dubai kwenda Guangzhou, kwa kukaa ni tamu, halipigi kelele, halitikisiki. Lakini kaka Kipawa umesema kweli kuhusu mabegi. Ukitazama foleni ya wenzangu, kila mtu ana shangazi kaja mbili zimefungwa nailoni mpaka zinang'aa, na mkononi ana "kibegi" ambacho watu wawili wanakibeba. Pale kwenye mizani ndipo undugu unapoisha. Mtu anafungua begi mbele za watu, anavaa majaketi matatu, viatu anatia mifukoni. Sasa ikiwa ni watu 500 wa namna yangu, hilo tumbo si litapasuka?

Halafu niambie, mzigo wangu wa vitenge kilo 300, nipeleke kama mzigo kwenye ndege ya abiria au nisubiri ile ya mizigo ya ATCL?

Mkaa Kipawa

Dada yangu, umenichekesha na majaketi matatu.

La tumbo: halipasuki, ila mzigo wako ndio unaobaki. Ndege ikifungwa, kinachopakiwa kwanza ni abiria na mabegi yao, mzigo wa kulipia unapata kilichobaki. Siku abiria wakiwa wengi na mabegi mazito, tunapigiwa simu "punguza tani mbili", na mwenye kaa hai anapewa nafasi mbele ya mwenye vitenge, maana kaa wakifa ni kesi. Ndiyo maana kwenye A380 ungesubiri zaidi. Kampuni za vifurushi ziliwahi kuagiza A380 ya mizigo, FedEx na UPS, zikafuta oda zote, haikutengenezwa hata moja. Wakati wa Korona kampuni nyingi zilikuwa zinajaza mizigo kwenye 777 tupu na kuishi kwa hiyo. A380 nyingi zilikuwa zimepaki.

La kilo 300: vitenge haviozi, kwa hiyo usilipie haraka usiyoihitaji. Ile 767 ya mizigo ya ATCL iliyokuja Juni 2023 inabeba tani 54 ikijaa, na nayo haiondoki kwa kilo 300 zako, inasubiri wenzako. Uliza wakala wako vitu viwili kabla hujafunga mzigo: siku gani inaondoka kweli, na bei anayokupa ni kwa kilo halisi au kwa ujazo. Vitenge ni vizito na havichukui nafasi, kwa hiyo pima kwa kilo. Ukiona anakutajia ujazo kwenye vitenge, huyo anakupiga. Wenye magodoro na midoli ndio wanaoumia na ujazo.

Chiku wa Tabata

Basi niulize la mwisho nikalale. Kuna siku A380 itakuja Dar kwa ratiba?

Mkaa Kipawa

Ratiba ya kila siku, siioni. Nitakachoangalia mimi ni safari ya tatu ya siku. Kampuni yoyote ya Ghuba ikifikisha safari tatu za 777 Dar kwa siku, zote zimejaa, na uwanja ukaikatalia nafasi ya nne kwa saa inazotaka, hapo ndipo dege kubwa litaanza kuwa na maana. Sisi bado tuna saa nyingi mchana ambazo njia ya kurukia haina kitu. Kabla ya kuleta ghorofa ya pili wataongeza safari, au watapeleka ndege nyingine Zanzibar.

Tingatinga la Ubungo

Mimi nitasubiri ya ATCL.

Fundi Hanga

Subiri na hanga kabisa.